Skrini Tatu za Bwana Mdogo

Ok Gwi-rye alikuwa amemwita shemeji yake "bwana mdogo" kwa miaka ishirini na saba, na kila mwaka neno hilo lilizidi kumkwama kooni. Alipoolewa katika ukoo wa Pyo, Kyu-man alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, kamasi zinamchuruzika. Lakini desturi haijali kamasi: mdogo wa mumeo utamwita bwana mdogo mpaka siku atakayooa, na Kyu-man hakuoa. Nani angemtaka? Basi Gwi-rye alifua soksi zake akisema bwana mdogo, akampakulia wali akisema bwana mdogo, na sasa jitu zima la miaka thelathini na tisa, limeachishwa kazi benki, limehamia chumba cha nyuma cha nyumba yake, na bado ni bwana mdogo.

Kula kulala angeivumilia. Kilichomshinda ni meza. Kyu-man alikuja nayo kutoka Seoul kwa lori dogo: meza ya mbao nzito, pana kama kitanda cha watu wawili, na juu yake skrini tatu. Ili ipate pa kukaa, friji ya kimchi ya Gwi-rye ilitolewa ikawekwa kwenye roshani, ikapigwa na jua la Agosti mwezi mzima. Kimchi, ile kabichi ya pilipili ya kuchachushwa, ikachacha kupita kiasi. Kyu-man akaionja, akakunja uso, akasema, "Shemeji, mwaka huu mkono wako umepotea." Gwi-rye hakumsamehe, na hakuwa na mpango wa kumsamehe.

Kwenye meza ile Kyu-man alinunua na kuuza sarafu za mtandaoni. Gwi-rye naye alinunua na kuuza, ila yeye hakuhitaji meza. Simu yake ilikaa kwenye mfuko wa aproni, ndani ya kifuko cha plastiki, pale kibandani kwake katika soko la Bupyeong alipouza vitoweo: figili za pilipili, dagaa waliokaangwa kwa asali, majani ya ufuta yaliyolowekwa kwenye sosi. Mteja akiondoka, anafuta kidole kimoja, anafungua programu ya soko la sarafu, anatazama. Ikiwa nyekundu, bei imepanda, na moyo wake unaruka. Ikiwa buluu, imeshuka, anasonya na kuirudisha simu mfukoni. Nyekundu kupanda, buluu kushuka. Hata mtoto wa shule katika nchi ile hahitaji kuelezwa hilo.

"Bado unakichezea hicho kidude?" Kyu-man alimwambia jioni moja mezani, mdomo umejaa wali. "Mtu mzima na akili zake anafanya biashara kwenye kitu cha kupigia picha chakula!"

"Kidude hiki kimenipa milioni sita tangu masika, bwana mdogo. Meza yako imekupa nini zaidi ya shingo kuuma?"

"Bahati tu. Kwenye simu unaona dirisha la choo. Kwenye kompyuta unaona nyumba nzima. Simu inachelewa, inakwama, inakudanganya. Kaka, mwambie mkeo."

Kaka mtu, Dal-ho, dereva wa basi aliyestaafu kwa sababu ya mgongo, alichofanya ni kuongeza supu. Ndivyo alivyokuwa tangu zamani: mkewe na mdogo wake wakianza kutupiana maneno, yeye anaingiza uso kwenye bakuli.

Siku zile maneno yalikuwa na uzito, maana kulikuwa na jambo. Bi Noh, mwenye kibanda, alikuwa anauza. Alikuwa amezeeka, magoti hayamtii, anahamia kwa binti yake Busan. Alimtaka Gwi-rye anunue yeye, kwa kuwa amepanga pale miaka kumi na tisa. Bei ni won milioni hamsini, mwisho Ijumaa kabla ya Chuseok, sikukuu ya mavuno na ya kuwaenzi mababu. Ikipita Ijumaa, kuna kijana muuza makava ya simu ameshaweka neno, na pesa zake ziko tayari. Gwi-rye alikuwa na milioni arobaini na sita, zote kwenye sarafu, zote ndani ya simu. Miaka kumi na tisa ya kunuka kitunguu saumu, na zilipungua nne.

Nne hizo ndizo zilizomfungulia Kyu-man mlango.

"Nipe nusu," alisema. "Nusu tu, shemeji. Soko la hapa nyumbani ni la kununua na kuuza kama vitunguu. Soko la nje, kwenye kompyuta, ukiweka moja, wao wanakukopesha tisa. Bei ikipanda kidogo tu, umepata nne zako na za kununulia mapazia."

"Na ikishuka kidogo?"

"Ndiyo maana nipo mimi, natazama. Ikianza kushuka, nabonyeza, tumetoka. Nilifanya kazi benki miaka tisa, si mchezo."

"Walikufukuza."

"Walipunguza watu!"

Ungesema mwanamke mwerevu kama huyu angekataa. Na angekataa, lau si Ijumaa. Gwi-rye alilala siku tatu akikiona kibanda chake kimetundikwa makava ya simu ya rangi za pipi. Siku ya nne akahamisha nusu ya sarafu zake kwenda soko la nje, kwa jina lake mwenyewe, akiwa amesimama nyuma ya kiti cha Kyu-man kama mtu anayemwachia mwanawe kwa jirani asiyempenda.

Kitu kimoja kilimburudisha kidogo. Kompyuta ile kubwa, pamoja na skrini zake zote, haikuweza kufungua soko peke yake. Kila Kyu-man alipotaka kuingia, soko lilituma tarakimu sita kwenye simu ya Gwi-rye, na tarakimu hizo zilikufa baada ya dakika moja. Kila asubuhi sauti ilitoka chumba cha nyuma:

"Shemeji! Namba!"

"Nimeshika samaki."

"Shemeji, zinaisha!"

"Si ulisema simu ni kidude? Iambie meza yako ikupe namba."

Kisha anamtajia, polepole, tarakimu moja moja, ya mwisho akiibakiza mpaka Kyu-man atoke jasho. Ndiyo ilikuwa raha yake ya siku.

Jumatatu aliingia chumbani kuchukua vikombe vichafu, akakuta skrini zimejaa kijani tupu, na Kyu-man anacheka peke yake. Akadhani ni pambo. Kyu-man alipenda mapambo. Kila kitu kwenye skrini zile kilikuwa kwa maandishi ya kizungu na bei kwa dola. "Hivi ndivyo wanavyoona wenzetu wa New York," alimwambia, akigeuza kiti chake. Gwi-rye akachukua vikombe vyake sita akatoka.

Jumatano ndiyo ikaja shida, na ilikuja na simu ya mama mkwe kutoka kijijini Yesan. Majani kwenye makaburi ya babu yamefika kiunoni. Sikukuu ni Jumamosi, na wana wawili anao, wote wazima, au wanataka majirani wamwambie kwamba ukoo wa Pyo umezaa mawe? Dal-ho na mgongo wake hakuweza kubeba mashine ya kufyekea. Akabaki Kyu-man.

"Siwezi kuacha skrini," alisema Kyu-man.

"Mwambie mama yako hivyo," alijibu Gwi-rye, akamnyooshea simu.

Hakumwambia. Alivaa mabuti akinung'unika. Gwi-rye akamwambia jambo la maana, na ni vizuri ikumbukwe kwamba alilisema: "Basi weka programu ya hilo soko kwenye simu yako, bwana mdogo, utazame ukiwa huko mlimani."

Kyu-man akacheka kwa pua. "Mimi? Nifanye biashara kwa kidole gumba kama muuza samaki?" Akamwita kaka yake, akamkalisha kwenye kiti kikubwa, akabandika stika ya njano kwenye skrini ya katikati, kando ya kitufe. "Kaka, kazi yako ni moja. Ikipanda, usiguse kitu. Ikishuka, bonyeza hapa kwenye stika, mara moja, basi. Unaweza?"

"Nimeendesha basi miaka thelathini," alisema Dal-ho. "Taa za rangi nazijua."

Siku tatu kabla ya Chuseok soko la Bupyeong halina pa kuweka mguu. Foleni ya Gwi-rye ilifika kwa muuza viatu. Wanawake waliokuwa wakijisifu mwaka mzima kwamba wanapika wenyewe walikuja kununua vipande vya samaki vilivyokaangwa kwa yai, waende wakavipange mezani wakidai ni vyao. Alikaanga, akapima, akafunga, akakosa nafasi hata ya kunywa maji. Saa nane mchana ndipo alipofuta kidole kimoja na kutazama simu.

Buluu. Akasogeza chini. Buluu mpaka mwisho wa orodha, hakuna hata doa la nyekundu.

Akampigia Kyu-man. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena. Huko Yesan mashine ya kufyekea ilikuwa ikinguruma juu ya kaburi la babu, na simu iko ndani ya koti, koti liko juu ya mti. Akampigia mumewe.

"Dal-ho! Umeuza?"

"Niuze nini?" Sauti ya Dal-ho ilikuwa shwari, na alikuwa anatafuna kitu. "Mambo mazuri, mama So-dam. Nyekundu tupu. Tangu saa nne ni nyekundu juu ya nyekundu. Mpaka macho yananiuma."

"Huku kwangu ni buluu! Zote!"

"Basi hiyo simu. Kyu-man si alisema? Inakwama. Na huko nje bei yao, hapa bei yetu, si ndivyo anavyosema kila siku?"

"Nisomee namba."

"Ipi? Zipo mia hapa, zinaruka kama viroboto, na zote dola. Nakwambia ni nyekundu, mwanamke. Nyekundu naijua."

"Mama, huyo samaki anaungua," mteja wa mbele akasema.

Gwi-rye akasimama pale, simu mkono mmoja, mwiko mkono wa pili. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe cha kuuza zile zake zilizobaki. Na mdomoni alikuwa na maneno mawili, "bonyeza stika," yamefika mpaka kwenye meno. Maneno mawili tu. Lakini kompyuta ilikuwa na skrini tatu, na simu yake ilikuwa na ufa kwenye kona na unga wa ngano kwenye spika, na kwa miezi mitatu mfululizo, asubuhi na jioni, juu ya wali aliopika mwenyewe, alikuwa ameambiwa kwamba chombo chake ni cha kijinga. Neno likirudiwa sana linaingia. Akayameza yale maneno mawili. Akaigeuza simu kifudifudi juu ya sahani ya figili, akageuza samaki.

Alirudi nyumbani saa moja jioni. Dal-ho alikuwa bado kitini, mikono kwenye mapaja kama abiria mwenye adabu, na chumba kizima kimepigwa na mwanga mwekundu kama unga wa pilipili.

"Sijaondoka hata kwenda chooni," alisema kwa fahari. "Vizuri?"

Mlango ukafunguka na Kyu-man akaingia na mabuti yake, majani yamemjaa kichwani, harufu ya petroli na pombe ya tambiko la makaburini. Alikuwa anaimba. Akachungulia chumbani, wimbo ukakatika.

"Kaka. Umefanya nini?"

"Sijagusa kitu. Ilipanda mchana kutwa."

"Ilipanda?"

"Si nyekundu?"

Kyu-man akashika fremu ya mlango. "Nyekundu ni kushuka! Kwenye soko la nje nyekundu ni kushuka! Kijani ndiyo kupanda!"

"Tangu lini?" Dal-ho akauliza, na aliuliza kweli, akimtazama mmoja na mwingine. "Nani ameamua hivyo?"

Kyu-man alimsukuma kaka yake kutoka kitini, akashika kipanya, akabonyeza huku na huku. Haikuwa na maana. Soko la nje lilikuwa limeshachukua mkopo wake na pesa zote zilizowekwa kuwa dhamana ya mkopo huo. Mahali palipokuwa na milioni ishirini na tatu za Gwi-rye palikuwa na sifuri, na baada ya nukta, sifuri nyingine mbili.

"Amekaa hapa masaa kumi," Kyu-man akapiga kelele, "anatazama nyumba inaungua na kuota moto! Dereva wa basi!"

"Usimguse," Gwi-rye alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na Dal-ho, aliyeijua, akasogea ukutani. "Nijibu kitu kimoja. Hizo rangi hazibadiliki?"

Kyu-man akakirudia kipanya.

"Nimeuliza. Hakuna mahali pa kuziweka kama zetu?"

"Papo," alisema Kyu-man. "Kwenye mipangilio."

"Inachukua muda gani?"

"Si suala la muda, shemeji. Watu wa kazi wote duniani wanatumia..."

"Muda gani?"

"Sekunde tano."

Gwi-rye alihisi uso wake unawaka mpaka masikioni. Sekunde tano. Kibanda chake kimeenda ili mtu mmoja chumbani, anayeshinda na suruali ya kulalia, ajione yuko New York. Na juu ya hasira hiyo ilikaa nyingine kubwa zaidi, na hiyo ilikuwa yake mwenyewe: simu ilimwambia ukweli saa nane mchana, na yeye akaigeuza kifudifudi. Katika miaka ishirini na saba alimwamini Kyu-man mara moja tu.

Alhamisi asubuhi, akiwa anafunga aproni, akasikia sauti kutoka chumba cha nyuma.

"Shemeji. Namba."

Hakuamini masikio yake. Akaenda mlangoni. Kyu-man alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati. Alikuwa ameshaandika yote kwenye karatasi: zile zilizobaki kwenye simu zina thamani ya milioni ishirini. Azilete kompyutani leo. Bei imeshuka sana, lazima irudi, na kwa mkopo wa tisa, kesho mchana watakuwa nazo hamsini kabla Bi Noh hajafunga hesabu.

"Safari hii siondoki kitini. Nimeshabadilisha na rangi, tazama. Shemeji, bila hivyo kibanda kimekwenda. Unajua kimekwenda."

"Mama So-dam," Dal-ho alisema nyuma yake, hamtazami, "labda anaweza kurekebisha."

Simu ikatetemeka kwenye aproni. Tarakimu sita. Gwi-rye akazisoma moyoni. Alizitaka, Mungu anajua alivyozitaka. Alimwona Bi Noh anamkabidhi ufunguo. Kyu-man alikuwa ameweka vidole juu ya kibodi, anamsubiri. Sekunde zikahesabika zenyewe kwenye kioo, thelathini, ishirini, kumi. Zikafa.

"Shemeji! Zimeisha. Ngoja, naomba nyingine."

Zikaja nyingine. Gwi-rye akaufunga ule ujumbe. Akafungua programu yake, ile ya nyumbani, ya dirisha la choo, na kwa kidole gumba kilichonuka kitunguu saumu akauza kila alichobaki nacho, mbele ya skrini zote tatu. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga aproni.

"Umefanya nini?" Kyu-man akanong'ona.

"Biashara. Kama muuza samaki."

Ijumaa Bi Noh alilia kidogo, akamshika Gwi-rye mikono, na akamuuzia muuza makava. Kijana alikuja na futi ya kupimia kabla mabakuli hayajatoka. Asubuhi ileile ofisi ya soko ilimkodishia Gwi-rye kipande cha njia kwenye lango la kaskazini, mahali penye upepo, bila paa wala rafu. Ukitaka pa kupanga vitoweo, uje na meza yako.

Akarudi nyumbani. Akaingia chumba cha nyuma bila kubisha, akachomoa waya moja baada ya nyingine. Skrini tatu akazilaza kitandani, akazifunika blanketi vizuri, maana hakuwa mtu wa kuvunja vitu. Kyu-man alisimama pembeni akimtazama kaka yake amwokoe. Dal-ho aliinama, mgongo na yote, akashika pembe moja ya meza.

"Weka chini, utaumia," Gwi-rye akamwambia mumewe. Kisha akageuka. "Kyu-man. Shika upande huo."

Bila bwana. Jina tupu, kama unavyomwita mbwa au mtoto. Kyu-man akamtazama kaka yake, na kaka yake alikuwa anatazama meza.

"Umesikia, Kyu-man? Inua kwa magoti. Na ukipita pale roshani, friji yangu ya kimchi usiikwaruze, maana ukirudi unairudisha humu."

Mtaa mzima uliwaona wakipita, mwanamke mbele na jitu nyuma linalohema, na meza pana kama kitanda katikati yao. Pale langoni Gwi-rye aliipangusa, akapanga figili, dagaa na majani ya ufuta. Ilitosha mabakuli kumi na nane, zaidi ya kibanda cha zamani. Stika ya njano ilikuwa imedondoka na kunata pembeni ya mbao. Aliibandua kwa ukucha, akaandika bei ya dagaa juu yake.

"Shemeji," Kyu-man alisema kwa sauti ndogo, "mimi sasa nitafanyia kazi wapi?"

"Simu si unayo?" alisema Gwi-rye, na akamgeukia mteja.